Bidoni Haijui Breki

Bidoni ya mawese ya lita 20 haina miguu, lakini siku ile ilitembea.

Tulikuwa tunarudi Kalemie kutoka upande wa Nyunzu, wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likitufuata kama mdai. Mama mkwe alikaa mbele. Nyuma walikaa watoto wawili na shangazi yao. Kwenye kofri, au buti kama wanavyosema ndugu zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, tulikuwa tumepakia magunia mawili ya muhogo mkavu, mkungu wa ndizi, mabegi, kuku wanne waliofungwa miguu, na juu ya vyote hivyo bidoni ya mawese, imesimamishwa wima kwa sababu kifuniko chake kilikuwa na tabia ya kuvuja. Shemeji yangu ndiye aliyepanga. Kabla hatujaondoka aliipigapiga ile bidoni kwa kiganja, kama mtu anayemnadi ng'ombe wake sokoni.

"Yaya, iko sawa," aliniambia, akiniita mkubwa wake kwa desturi ya huku. "Haiwezi kutembea."

Mbuzi akakatiza barabara. Sikuwa nakimbia, barabara yenyewe hairuhusu. Nilikanyaga breki, gari likasimama, sisi tukasimama, bidoni haikusimama. Ilipita juu ya mgongo wa kiti, katikati ya vichwa viwili vya watoto, ikagonga kiti cha mama mkwe na kupasuka kifuniko. Hakuna aliyeumia. Gari lilinuka mawese mpaka masika, na mama mkwe hakukifua kitenge chake. Amekitunza na doa lake, na kila nikienda kumwamkia hukivaa.

Nimeifikiria bidoni ile kuliko ninavyopenda kukiri. Shemeji hakuwa mzembe. Alihakikisha kuwa imesimama, kuwa haivuji, kuwa haionekani kwa mtu wa njiani mwenye mkono mrefu. Kitu kimoja tu hakukihakikisha, nami pia sikukikumbuka: je, tukisimama ghafla, nayo itasimama? Hapo ndipo ilipo shida ya wengi wetu wenye magari ya familia hapa Kalemie. Mzigo tunaufunga, tena kwa ufundi. Lakini tunaufunga dhidi ya mwizi, dhidi ya vumbi, dhidi ya mvua na dhidi ya macho ya askari wa rulaji, yaani wa barabarani. Dhidi ya breki hatuufungi.

Hesabu ya mwembe

Mwalimu wa fizikia wa sekondari angeieleza hivi. Kitu kilicho ndani ya gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa nacho kinakwenda kilomita 50 kwa saa, hata kama kinaonekana kimelala usingizi. Gari likigonga na kusimama, kitu hicho kinaendelea na safari yake mpaka kikutane na kizuizi. Nguvu ya kukutana huko ni sawa na ya kitu kilichoanguka kutoka mita 10 hivi, yaani kutoka juu ya nyumba ya ghorofa tatu. Kwa kilomita 80 kwa saa ni zaidi ya mita 25. Hata mwendo wa kilomita 30, ambao tunauita wa kinyonga, ni sawa na kuanguka kutoka mita tatu na nusu, juu ya bati la nyumba nyingi za mtaani.

Sasa chukua bidoni yetu. Mawese ni mepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo lita 20 ni kama kilo 18. Nani angekubali mtoto wake akae chini ya mwembe huku bidoni hiyo inaachiwa kutoka mita 10 juu? Kama kizuizi chake kitaisimamisha ndani ya nusu mita, itasukuma kwa nguvu ya mara 20 ya uzito wake, karibu kilo 360. Na kizuizi hicho, mara nyingi, ni kisogo cha mtu.

Mwanadamu alipata mkanda wake wa kiti wenye ncha tatu mwaka 1959, mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo ya Uswidi alipoubuni. Gunia la muhogo bado linasubiri wa kwake. Mimi huona kichekesho katika jambo hili: dereva anafunga mkanda akimwona askari, anamfungia na mama mkwe, kisha nyuma yao anaacha kilo 100 za chakula zisizofungwa na chochote ila sala.

Wanachojua watu wa ziwa

Kinachonishangaza ni kwamba mji huu si mgeni wa mizigo. Nenda bandarini asubuhi, simama pembeni usiwe kikwazo, utazame wanavyopakia boti la mbao. Saruji na magunia mazito hushuka kwanza, chini kabisa, katikati. Kisha vitu vya uzito wa wastani. Magodoro, ndoo na viti vya plastiki hukaa juu. Nahodha hatazami mzigo. Anatazama mstari wa maji ubavuni mwa boti. Likiinama upande mmoja, anaamuru gunia lihamishwe, na hakuna mchuuzi anayebishana naye, hata yule mwenye sauti kuliko injini.

Wasiomsikiliza nahodha, au nahodha asiyejisikiliza mwenyewe, tumeuona mwisho wao. Desemba 2014 meli MV Mutambala ilizama katika ziwa letu hili na zaidi ya watu 120 wakafa. Upepo mkali na kujaza kupita kiasi vilitajwa pamoja. Reli nayo ina yake: Septemba 2019 treni ya mizigo iliacha njia Mayibaridi, hapa hapa jimboni Tanganyika, ikiwa na watu waliodandia juu ya mabehewa. Kalemie hauhitaji kuambiwa kwamba mzigo unaua.

Tena hata kabla ya reli kutufikia mwaka 1915, watu wa mwambao huu walikuwa na sheria zao za uzito. Misafara iliyovuka kutoka Ujiji na kutia nanga Mtowa, jirani na hapa, ilibebwa na wapagazi, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na kidogo. Ukimzidishia, mpagazi alikuwa na mdomo: aligoma, au alitoroka usiku na kukuachia mzigo wako porini. Gari halina mdomo. Linabeba, linabeba, halafu linakujibu siku moja tu, kwenye kona.

Maandishi ambayo hatusomi

Si kwamba gari limenyamaza kabisa. Magari yetu mengi yalianza maisha Japani, yakapita Dar es Salaam, yakavuka au kulizunguka ziwa, yakatufikia yakiwa bado na vibandiko vyake. Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ya mlango: kuna karatasi yenye namba za upepo wa matairi. Kwenye gari za mzigo kama Probox, mlango wa nyuma una herufi za Kijapani zikifuatwa na namba kama 400 na kando yake, kwenye mabano, 250. Nilimwuliza jirani yangu anadhani ni nini. Alidhani ni jina la gari.

Ni uzito wa mwisho wa mzigo kwa kilo: 400 kama wamepanda watu wawili tu, 250 kama viti vyote vitano vina watu. Kwa maneno mengine, mtu na gunia wanagombea kilo zile zile. Jambo hili dogo ndilo linalotuponyoka kila Jumamosi. Gari dogo la familia kwa kawaida limekadiriwa kubeba kilo 400 hadi 500 kwa jumla, watu wakiwemo. Weka watu wazima watano wa kilo 70: umeshatumia 350. Kilichobaki ni gunia moja hadi matatu ya saruji ya Kabimba, si kumi. Wajapani wenyewe, katika hesabu zao za usajili, humkadiria abiria mmoja kuwa kilo 55. Niliwaambia shangazi zangu. Walicheka mpaka wakashika ukuta.

Matairi nayo yana la kusema. Gari lililojaa linahitaji upepo zaidi kwenye matairi ya nyuma, kwa kadiri ya karatasi ile ya mlangoni. Tairi laini chini ya mzigo hupinda, hupata joto, na kwenye barabara ya mawe hupasuka mahali pasipo na fundi wala kivuli. Pima kabla ya kutoka, likiwa baridi. Fundi wa matairi atakayekwambia anapima kwa kulipiga teke, mshukuru, uende kwa mwingine.

Kofri lilivyotengenezwa

Mtu aliyebuni kofri hakubuni stoo. Alibuni kitu kama jahazi dogo lenye kuta zake, na kila ukuta una kazi yake na mpaka wake.

Mgongo wa kiti cha nyuma ndio ukuta mkuu. Ukiwa umesimama na kufungwa vizuri, ndio unaozuia mzigo usiingie kwa watu. Kwa hiyo vizito vyote, mihogo, saruji, mafuta, vikae sakafuni na vigusane na mgongo huo, bila nafasi katikati. Nafasi ni mbaya, maana mzigo unaoanza kwa kukimbia hugonga kwa nguvu kuliko ule uliokwisha kuegemea. Baada ya kuukunja na kuusimamisha mgongo wa kiti, uvute kwa mkono. Kufuli yake ina alama nyekundu kwenye magari mengi, na ukiiona nyekundu jua haijafunga. Hakuna anayekaa nyuma leo? Ifunge mikanda ya viti hivyo hata hivyo. Inausaidia mgongo kushikilia.

RAV4 za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambazo tunazo nyingi zina viti vya nyuma vinavyong'oka kabisa. Hili ni zawadi na ni mtego. Ukivitoa umepata chumba kikubwa, lakini umebomoa ukuta. Kisha njiani mtu anaomba lifti, anakaa juu ya gunia, na unajikuta una abiria asiye na kiti, asiye na mkanda, nyuma yake bidoni. Ukitoa viti, umetoa watu. Hesabu ni hiyo.

Sakafuni, kwenye kona za kofri, mara nyingi kuna pete nne za chuma. Watu wengi huziona siku ya kuosha gari na kudhani ni mapambo au mabaki ya kitu kilichopotea. Ni za kufungia. Pitisha mkanda wa mizigo au kamba kutoka pete ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na nyingine kinyume, zikutane juu ya mzigo kama herufi X, kisha kaza. Mipira ya baiskeli iliyochanwa, ambayo kwetu hufunga kila kitu kuanzia kuku hadi kitanda, ni mizuri kwa vitu vyepesi. Kwa vizito haifai peke yake. Mpira hunyumbulika, na kilo 50 zikishaanza safari hazirudishwi na mpira.

Lile pazia la kuvuta linalofunika kofri kwa juu ni la kuficha tu. Halizuii hata papai. Kuna gari moja mjini hapa ambalo juu ya pazia hilo hukaa, kila siku, redio, mwavuli na pasi ya mkaa. Pasi ya mkaa! Mwenyewe ni mtu wa heshima, simtaji, lakini kila ninapokuwa mbele yake kwenye mteremko humwombea breki za taratibu.

Noah na jamaa zake wana kisa kingine. Safu ya tatu ya viti hukunjwa ubavuni kama mbawa za kunguru, na ikikunjwa unapata kofri la kweli. Ikifunguliwa, nafasi inayobaki nyuma yake ni nyembamba, na vichwa vya walioketi hapo viko karibu na kioo. Hapo pa kuweka ni mabegi ya nguo, si tofali wala bidoni. Nikiona Noah ina watu wanane na magunia yamesimamishwa nyuma ya vichwa vyao hadi darini, najua mwenye gari amechagua vyote viwili, abiria na mzigo, mahali ambapo mjenzi alisema uchague kimoja.

Na ndani kwa abiria? Vitu vidogo ndivyo vyenye hila. Chupa ya maji iliyo chini ya kiti cha dereva husubiri mteremko ili izunguke na kukaa nyuma ya breki. Weka chupa kwenye mfuko wa mlango, simu kwenye kisanduku cha dashibodi na kisanduku kifungwe. Juu ya dashibodi kusikae kitu, kwa sababu kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufumuka kutokea hapo, na chochote kilichoko kitarushwa usoni kwa mtu.

Usukani upande wa pili

Kuna jambo ambalo vitabu vya gari havitakuambia, kwa sababu waliovitunga hawakutufikiria. Kongo tunaendesha upande wa kulia. Magari yetu mengi yana usukani kulia vilevile, kwa sababu yalitengenezwa kwa nchi inayoendesha kushoto. Dereva, basi, anakaa karibu na mtaro, na ili ajue kama kuna lori linakuja mbele ya lori lililomtangulia, anategemea kuona kupitia upande wa kushoto, juu ya bega la aliyekaa naye.

Sasa weka gunia la mkaa kwenye kiti hicho cha kushoto, au ning'iniza godoro likafunika dirisha lake na kioo chake cha pembeni. Umemfumba dereva jicho lililobaki. Nyumbani kwetu tumepitisha sheria: upande wa kushoto wa mbele hukaa mtu mwenye macho na mdomo, kwa kawaida mama mkwe, ambaye vyote viwili anavyo kwa ukamilifu.

Na usiku? Taa za magari hayo zimekatwa ili mwanga wake upande juu kidogo kwa kushoto, ambako Japani ndiko kwenye ukingo wa barabara. Kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Pakia nyuma kilo 200, pua ya gari itainuka, na mwanga utamwingia mwenzako machoni kabisa. Karibu na usukani wa magari mengi kuna kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Kadiri unavyopakia, ndivyo unavyokizungusha kwenda namba kubwa, na taa zinainama. Nimeendesha miaka sita nikidhani kinarekebisha sauti ya redio iliyoibwa.

Juu ya paa

Keria, au galeri kama tunavyoiita huku, inapendwa kwa sababu haina ukuta wala dari. Paa la gari la familia kwa kawaida limekadiriwa kubeba kati ya kilo 50 na 100, na uzito wa keria yenyewe umo humo. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Malizia mwenyewe.

Lakini ubaya wa paa si kilo peke yake. Uzito ukikaa juu, gari hupata tabia ya mlevi kwenye kona. Linaloyumba hivyo halirudi haraka. Juu viende vyenye ukubwa bila uzito: magodoro, viti, vikapu, mifuko ya ndakala wakavu (Kigoma wangewaita dagaa). Samaki hao wana sababu nyingine ya kupanda juu, na aliyewahi kusafiri nao ndani vioo vikiwa vimefungwa anaijua. Godoro nalo lifungwe mbele, nyuma na katikati, kwa maana upepo ukiingia chini yake hulifanya tanga.

Kamba ifungwe kwenye vyuma vya keria. Wengi wetu huipitisha madirishani, ikapita ndani juu ya vichwa vya watu na kutokea upande wa pili. Inashika kweli. Inashika na milango pia: nimewaona abiria wakishuka kwa kupitia dirishani, wakicheka, kituoni. Gari likiwa mtaroni, kichwa chini, hakuna atakayecheka.

Vya kuacha

Huku kwetu mkaa huitwa makala, kwa hiyo msomaji wa Dar es Salaam anisamehe nikisema kwamba sehemu hii ya makala ni ya makala. Gunia lililotoka tanuruni jana linaweza kuwa na moto uliolala ndani. Likipata hewa na mtikisiko, huamka. Nunua yaliyopoa siku kadhaa, mimina kiganja uguse, na ukiona joto liache huko huko lilikopikwa.

Petroli ni ugomvi mkubwa zaidi. Pale ambapo stesheni ni chache na mafuta huuzwa kando ya barabara kwenye chupa na bidoni, inashawishi kubeba akiba ya safari nyuma ya kiti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, hujikusanya, na unangoja cheche moja ya swichi au ya kiberiti cha mjomba. Bidoni ya plastiki ya mafuta ya kula haikutengenezwa kwa ajili yake, na juani huvimba. Gari lenye watoto ndani lisibebe petroli nje ya tangi lake. Sina namna laini ya kulisema hilo.

Betri za sola, ambazo umeme wetu wa kusuasua umezifanya kuwa mkwe wa kila nyumba, zisafiri wima, zimefungwa zisianguke, na vichwa vyake vya chuma vimefunikwa kwa mpira au kadibodi. Ufunguo ukidondoka kati ya vichwa viwili vya betri utajionea ufundi wa kuchomelea bila fundi.

Kiti kisicho kiti

Nimeacha hili mpaka sasa kwa sababu linanigusa. Watoto wanapenda kofri. Wanaona nyuma, wanapungia watu mikono, hawabanwi na shangazi. Na sisi wakubwa tunaona ni suluhisho: viti vimejaa, watoto wawili watosha pale. Tabia hii si ya Kalemie tu. Tanzania wana Probox zao za abiria, michomoko, Kenya nako Probox za vijijini, na kote huko utaona miguu ya watu ikichungulia mlango wa nyuma.

Sehemu ya nyuma ya gari imetengenezwa ijikunje. Likigongwa, bati hilo linajikusanya kama karatasi ili nguvu ya kishindo iishie hapo kabla ya kufika kwenye viti. Mtoto aliyekaa kofrini amekaa ndani ya karatasi hiyo.

Mlango wa nyuma ukiachwa wazi ili mzigo mrefu utokeze, hatari nyingine huingia bila kubisha hodi. Gari likitembea, hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kurudi ndani, ikibeba moshi wa ekzosi. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoanza kwa kuumiza kichwa na kuleta usingizi. Mtoto aliyelala nyuma kwenye safari ndefu huonekana amechoka tu. Mbao ndefu zipandishwe juu, au ziende kwa lori. Kama mlango lazima uachwe wazi kidogo kwa mwendo mfupi, vioo vya mbele vifunguliwe na feni ivute hewa ya nje.

Sheria yetu ya barabara, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ipo. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao nchi yetu imeuridhia, unasema mzigo usiburute, usianguke, usimzibe dereva, usiyumbishe gari wala kufunika taa. Na ukitokeza zaidi ya mita moja mbele au nyuma uwekewe alama, usiku taa nyekundu kwa nyuma. Kwetu alama hiyo ni kitambaa chekundu, mara nyingi kipande cha kitenge cha zamani. Askari wa rulaji huvitazama vitambaa hivyo kwa makini sana. Ndani ya kofri hatazami. Hapo pamebaki kati yako na breki.

Mwezi uliopita tulisafiri tena, safari hii kwenda matangani. Gari lile lile, mama mkwe yule yule, na kitenge alikuwa amekivaa, nadhani kwa makusudi. Shemeji alianza na magunia, chini, yakigusa mgongo wa kiti. Bidoni ya mawese aliilaza? Hapana, kifuniko bado kinavuja. Aliisimamisha sakafuni, katikati ya magunia mawili, akaitia ndani ya ndoo, akapitisha mkanda wa zamani wa lori kutoka pete hadi pete na kuukaza kwa goti. Mabegi yakafuata juu, hayakuzidi kimo cha mgongo. Mkungu wa ndizi ukaenda kwenye keria.

Tulipotoka mjini mwendo wa kilomita 10 hivi, nikasimamisha gari chini ya mti. Mama mkwe akauliza kulikoni, tumesahau nini. Shemeji akashuka, akafungua kofri, akaingiza mkono chini ya mkanda.

"Yaya," akasema, "umelegea vidole viwili."

Akaukaza.